Pindo la Gauni Jeupe

Cherehani ya chumba cha pili ilianza tena. Fundi Mashoto akaacha kazi, akatega sikio. Chumba kile kina kufuli tangu mdogo wake afukuzwe, na cherehani yenyewe watu walishaivunjavunja. Lakini aliisikia, mchana kweupe, ikinguruma na kutulia kama zamani.

Mezani palikuwa na gauni jeupe la mtoto mchanga. Alikuwa amembembeleza mama mtoto mpaka akapewa. Alitaka kitu kimoja tu: auone mshono wa mdogo wake kwa macho yake mwenyewe, roho itulie.

Marehemu mama yao ndiye aliyewafundisha kazi, na aliwatania sana. Mdogo, akipinda nguo kwa mkono, mishono yake ililalia kulia. Ya Mashoto, kwa huo mkono wake, ililalia kushoto. Mama alisema hata wakigombana mahakamani, pindo litatoa ushahidi.

Lakini wateja hawaangalii pindo. Walianza kumpita Mashoto mlangoni, wakaingia kwa mdogo wake. Wote wawili walishona magauni yaleyale ya watoto, kitambaa kilekile, wakayatundika kamba moja pale kibarazani, na bado watu walimsifia mdogo. Mashoto alimeza donge kila siku.

Ndipo mama mtoto akaja mbio na lile gauni, kipande cha sindano kimebaki pindoni, paja la mwanawe linatoka damu. Aliuliza nani kalishona. Mashoto hata hakuligusa.

"Mimi sindano zangu nazijua," alisema. "Muulizeni huyo."

Basi moto ukapata kuni. Mwanamume aliyekataliwa posa akadai humsikia yule binti akinong'ona peke yake. Jirani aliyegombana naye kwa maji machafu akaikumbuka homa ya mwanawe. Mpaka jioni, sindano imeshakuwa uchawi. Kikulacho ki nguoni mwako, walimwambia Mashoto, wakimpa pole kwa kuishi na nduli.

Mdogo mtu alilichukua gauni, akaligeuza pindo, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama dada yake. Hakujitetea kwa neno hata moja, na watu wakasema kimya chake kinatosha.

Alipotolewa na furushi lake kichwani, alisimama kidogo mlangoni.

"Dada," alisema taratibu, "nenda kapime macho."

Watu wakaguna. Hiyo ndiyo jeuri ya wachawi, walisema. Mashoto naye tusi hilo lilimchoma, akaliweka moyoni. Hata habari ya msiba wa mdogo wake ilipofika kutoka huko alikokimbilia, hakwenda kuzika.

Tangu hapo ndipo cherehani ilipoanza kulia.

Sasa alifungua mkoba, akatoa miwani, ya kwanza maishani mwake. Mpimaji alikuwa amemshangaa, akamuuliza miaka yote hii alikuwa anatungaje uzi. Mashoto alimjibu kwamba mkono umezoea.

Akaivaa. Kila kitu kikamjia karibu: vumbi la meza, nyufa za ukuta, doa kavu la damu kwenye kitambaa. Akaligeuza pindo, akalisogeza dirishani.

Chumba cha pili kikanyamaza.

Mishono yote ilikuwa imelalia kushoto.