Bwana Kivuli Apata Mteja

Kila asubuhi Bwana Kivuli alitazama saa ya simu ili ahakikishe kwamba saa zake za jua zinasema kweli. Zilisema kweli. Jua halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa wateja.

Jina hilo alibandikwa na majirani alipoacha kazi ya bima na kufungua duka mtandaoni: saa za jua za marumaru na shaba, zinazoonyesha wakati kwa kivuli, kila moja ikichongwa kwa vipimo vya mahali itakapokaa. Hakuna saa mbili zinazofanana, alitangaza kwenye ukurasa wake. Hadi hapo alikuwa ameuza moja tu, kwa shangazi wa mkewe, naye aliigeuza kigoda cha kuwekea ndoo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na nyumba ilikuwa yake, kaachiwa na baba yake. Hakuwa mtu wa kelele.

“Uza moja kwa mtu baki kabla mvua hazijaanza,” alimwambia, huku akianua nguo mbichi uani, maana tangi la jirani lilikuwa limeshaziba jua. “Ukishindwa, kila mtu ashike njia yake.”

“Mke wangu, biashara ya kisayansi haikimbizwi.”

“Sijasema ukimbie. Nimesema uuze.”

Jumamosi moja mkewe alimhimiza aende mjini kutafuta shaba, tena asiharakishe. Bwana Kivuli aliona hiyo ni dalili ya imani. Jioni yake oda ikaingia.

Mteja alikuwa na adabu. Ameona saa ya namna hiyo uani kwa watu, imempendeza, anataka ya kwake kwa ajili ya nyumba anayohamia. Bwana Kivuli alikikumbuka kigoda cha shangazi, akamsamehe.

Wengine wangeuliza mtaa. Yeye alidai latitudo na longitudo, kwa kuwa mitaa hubadilishwa majina, dunia haihamishwi. Mteja akatuma tarakimu, akaongeza kwamba ukuta unatazama magharibi, ila hukosa jua mapema kwa sababu ya jirani.

“Kuna watu wanaishi na majirani wa ajabu,” Bwana Kivuli alisema.

“Wapo,” alijibu mkewe, pini mdomoni.

“Basi, nimeuza. Mtu baki kabisa.”

“Hongera. Na mimi nimeuza.”

“Ile cherehani ya zamani?”

“Kubwa kuliko hiyo.”

“Kabati,” alikata shauri, akarudi kwenye hesabu zake.

Alichonga, akapiga msasa, akapima pembe na kuipima tena. Saa ilipokamilika ilifanana na ile ya mfano aliyoiweka uani kwake, mstari kwa mstari. Bwana Kivuli alizitazama zote mbili kwa muda mrefu, akaridhika: hesabu zake haziyumbi.

Siku hizo nyumba ilikuwa imejaa maboksi. Alifurahi kuona mkewe hatimaye anafikiria suala la ufungashaji. Alichagua lililo imara kuliko yote, akatoa vyombo vilivyokuwemo, akalaza saa yake humo.

Siku ya kuipeleka, wingu la kwanza la mvua lilikuwa limetanda. Gari dogo la mizigo lilisimama getini. Bwana Kivuli alivaa tai.

“Umehakikisha vipimo?” mkewe aliuliza.

“Hadi sekunde ya mwisho.”

“Haya, panda.”

Alipanda, boksi mapajani.

“Tunaelekea wapi, mzee?” dereva alitaka kujua.

Bwana Kivuli alimsomea tarakimu moja moja, kwa sauti ya kuwafikia majirani. Dereva akaziingiza kwenye simu, akashika ufunguo wa gari.

“Umefika,” simu ilisema.

“Simu yako mbovu, kijana. Ingiza tena.”

Dereva aliingiza tena, safari hii polepole.

“Umefika.”

Nyuma yao lori lililosheheni vitanda lilipiga honi likiomba wapishe getini, na mkewe akatoka kulipokea, funguo zote za nyumba zikining'inia mkononi.