Hodi ya Tatu

Kila setilaiti ndogo iliyoundwa Morogoro ilibeba sauti ya fundi wake, na ikipita juu ya nyumba yake ilibisha hodi. Ikijibiwa, iliendelea kuzunguka. Hodi tatu zisipojibiwa, ilishuka na kuungua angani. Ndivyo nchi washirika zilivyokubaliana.

Fundi Tunu alifariki miaka sita iliyopita, na mumewe, mzee Kobelo, hakuwahi kukosa kumjibu.

"Leo usijibu, baba," binti yao Semeni alimwambia. "Imechoka, haiongozeki. Itagonga ile mpya ya kutazama mafuriko."

"Mama yako tangu lini akamgonga mtu?"

"Baba."

Saa nne asubuhi kipaza sauti cha sebuleni kikakwaruza.

"Hodi."

Kobelo akakamata mkono wa kiti.

"Hodi jamani."

"Karibu" ilikuwa imemfika kooni. Akawafikiria watu wa mabondeni, akafumba mdomo.

"Hodi wenyewe!"

Kisha sauti ikacheka kidogo, ikasema maneno ambayo hawajapata kuyasikia, kwa kuwa siku zote ilijibiwa.

"Kumbe hawapo. Haya, narudi zangu."

Semeni alikuwa analia.

"Umemsikia?" Kobelo aliuliza. "Amedhani hatupo."