Pa Kumgeukia

"Toa mguu kwa mto!" Kasyoka alifoka.

Mteja akaruka kando, macho kodo. Mto gani? Hapo barazani kwa duka la Abubakar aliona kipande cha leso kilichotandazwa sakafuni, bakuli lililofunikwa, na maharagwe yaliyopangwa safu safu. Watu wa mji wa Sultan Hamud wakaangua kicheko. Leso ilikuwa Rufiji, bakuli lilikuwa Kilimanjaro, na maharagwe ndio watu. Vile vilikuwa vita vya Mwingereza na Mjerumani, na Kasyoka alivijua kwa vidole, maana macho yake yalizima kabla vita havijaisha.

Hakuwahi kushika bunduki, mama huyu. Lakini kwa karibu miaka ishirini, hakuna mzee aliyewahi kuwabebea wanajeshi mizigo aliyeshuka kwenye gari la moshi akapita hivi hivi. Alimwita, akamkalisha, akamchokoa. Mlipita wapi? Mvua iliwakuta wapi? Nani alianguka? Na swali lake la mwisho lilikuwa lile lile: aliyeanguka alikuwa na meno ya kuchongwa?

"Mama, wewe unatafuta vita au unatafuta mchumba?" Abubakar alimtania.

"Pima sukari yako, Abubakar. Na usiibe."

Aliyeumia kwa mambo haya ni Kilonzo. Alikuwa kuli wa stesheni, mtu wa maneno machache. Yeye mwenyewe alikwenda vitani, na aliporudi kwao Mutomo ilikuwa ile njaa kubwa, majirani wote wametawanyika. Alimkuta Kasyoka peke yake kibandani, haoni, anangoja kufa. "Mwaitu," alisema, kama Mkamba amwitavyo mamake, "ni mimi, Kilonzo. Nimerudi." Akamweka mgongoni, akambeba hadi kwenye reli. Tangu siku hiyo Kasyoka hakulala njaa hata mara moja.

Lakini usingizini Kilonzo alilia. "Inuka! Inuka, twende!" Kasyoka alipomuuliza, alipata kisa cha kuokoteza tu: alikuwa na rafiki, Mutunga, yatima asiye na baba wala mama. Walibeba pamoja sanduku moja la bombomu, ile bunduki ya rashasha, mti mmoja mabegani mwa watu wawili. Mutunga akafia njiani. Njiani wapi? Hapo Kilonzo aliinuka akaenda kuchanja kuni.

"Mwaitu, achana na hiyo vita. Ukijua itakusaidia nini?"

"Nitajua pa kugeukia."

Neno hilo lilimkata ulimi kila mara. Asubuhi, kabla hajaonja kitu, Kasyoka alimmwagia uji kidogo marehemu mumewe, Mutie, akielekea Mutomo alikolazwa. Ndivyo alivyofundishwa na mamake: mfu umpe chakula ukiwa umemgeukia, la sivyo unawalisha mchwa. Akishamaliza kwa Mutie, aliinua kibuyu mara ya pili, akakishikilia hewani. Kisha akakishusha bila kumwaga. Kila asubuhi, miaka yote hiyo. Na kila asubuhi alimsikia Kilonzo akiacha kutafuna.

Mwaka huo kikohozi kikamshika, kikohozi kibaya. Kasyoka hakujidanganya. Alikuwa anakwenda, na hakuogopa kwenda. Aliogopa kwenda hajui. "Ngai, usinichukue kwanza," aliomba. "Bado hatua moja tu."

Basi siku ya mnada akashuka Abdulkadir, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kitui mjini. Zamani alikuwa mnyapara wa wabeba mizigo. Kasyoka alimshika kanzu.

"Mlivuka wapi, baba?"

"Mimi sikuvuka, mama. Tulikwama upande huu wa Rufiji. Mvua ilikuwa mvua! Watu walikuwa wanakufa na kuhara, hata kuwazika hatukuweza." Abdulkadir alichuchumaa, akachukua maharagwe mawili, akayaweka kando ya leso. "Hapa palikuwa na mkwaju mkubwa. Hawa wawili walikuwa na sanduku la bombomu. Mmoja akalala chini, hainuki. Mwenzake akakataa kumwacha. Alichapwa, akakataa. Akachimba kaburi kwa sahani ya bati, mchana kutwa, ndani ya matope."

"Majina yao?"

"Majina nimesahau, mama. Watu walikuwa wengi."

"Aliyezikwa," Kasyoka alisema polepole, "meno yake?"

"Ya kuchongwa. Ile kazi safi ya Mutomo."

Kasyoka akapapasa, akaliokota harage moja, akalifunga kwenye pindo la shuka. Jioni alimsikiliza Kilonzo akivunja mfupa wa mbuzi kwa meno mazima yasiyochongwa, kra, kra, kama kawaida yake.

Asubuhi alimwagia Mutie. Kisha akasema, "Nigeuze. Kusini, kupita Kilimanjaro."

Mikono ilimshika mabegani, ikasita. "Mwaitu, nani amekuambia?"

"Mtu aliyekuona ukichimba na sahani. Ulichapwa na hukumwacha. Mbona hukuniambia hivyo, miaka yote hii? Nilidhani aliliwa na fisi." Alilishika lile harage kwenye pindo la shuka. "Kumbe alikuwa na mtu."

Nyuma yake kilisikika kilio, cha mtu mzima anayejizuia.

Kasyoka akainua kibuyu, na safari hii akamwaga. Akamwaga mpaka ardhi ikalowa.

"Kilonzo, mwanangu," akaita kuelekea kusini, "kunywa. Mama yako nimekuona."

Kisha akanyoosha kibuyu nyuma, kule kilio kilikotoka.

"Na wewe, Mutunga mwanangu, njoo unywe wako kabla haujapoa."