Kitanda cha Dirishani

Mkandarasi alikuwa na mimba ya miezi minane, na kiwanja cha kujengwa wodi mpya ya wazazi kilikuwa tope tupu. Kaka yake, mshirika wake kazini, alimshika kiwiko asiteleze.

"Dada, zabuni hii tuiache. Ukijifungua, nani atawasimamia mafundi? Mimi hawanisikilizi, unajua."

Hilo alilijua. Nusura akubali. Kisha akatazama wodi kuukuu iliyopakana na kiwanja: dirisha halina kioo, na chini yake kitanda chenye godoro lililolowa kwa maji ya kuvuja darini.

Mtoto akampiga teke la ubavuni.

"Unakiona kitanda kile?" akasema, akikunja mikono ya shati. "Nikilazwa pale, fundi atakayezembea nitamwona. Na sauti yangu unaijua."