Sauna ya Watu Wawili

Fundi alileta picha mbili: sauna ya mbao yenye joto kavu, na kibanda cha mvuke wa umeme.

"Chagua, Mama Koku," mumewe alimwambia. "Nataka maumivu yako yaishe, upige magoti tena tusali pamoja."

Mama Koku alizitazama, akaenda jikoni. Alirudi na nyungu ya mchaichai na mikaratusi inayofuka mvuke, blanketi likiwa begani.

"Sauna yangu hii. Inaingia wawili."

"Mimi mzima!"

"Magoti yako yanalia kuliko mlango wa stoo. Ingia, baba."

Fundi akangoja. Chini ya blanketi kilisikika kikohozi, kicheko, halafu sala kwa sauti mbili. Pembeni zikachomoza nyayo nne za waliopiga magoti, zimeelekea juu.