Viganja vya Bi Mwanahawa

Bi Mwanahawa aliuweka mkasi wake mkononi mwa Tunu, mwanafunzi wake wa ushonaji, kisha akaketi na kuvikalia viganja vyake, maana alivijua. Kila Tunu aliposita, viganja hivyo vilimpokonya mkasi, na binti wa watu akabaki mtazamaji. Sasa tajiri wao mwenye duka ameshasema: Tunu akishindwa kukata leo, kesho asirudi.

Mezani kilitandazwa kitambaa cha bibi harusi, na kingine kama hicho hakikuwepo mjini. Mama wa bibi harusi alisimama mlangoni.

"Mwanahawa, mwanangu ndiye wa kujifunzia?"

"Tulia, shoga yangu. Nipo."

Tunu akainama. Bi Mwanahawa akaliona kosa palepale: chaki ilipita kwenye kipimo chenyewe, bila nafasi ya mshono. Gauni lisingefunga. Ulimi ukamwasha. Mkasi ulishagusa ukingo wa kitambaa.

"Tunu," akasema taratibu, jasho likimtoka, "kabla hujakata, mvalishe kwanza bibi harusi gauni hili akilini mwako. Haya, mwambie akae."

Tunu akafumba macho. Cherehani za wenzake zikanyamaza.

"Yallah!" akaguta. "Atapasuka huyu!"

Akaifuta chaki kwa kidole, akachora upya, asigeuke kuuliza kama ni sawa. Mgongo wake uliuziba mstari mpya. Bi Mwanahawa akanyoosha shingo, asione kitu. Viganja vilishakufa ganzi chini ya mapaja yake, naye akavikalia vivyo hivyo, akiusikiliza mkasi ukianza kula kitambaa.