Kura Mbili za Upande wa Pili

Karatasi ya matokeo ilibandikwa mlangoni mwa shule, gundi ingali mbichi. Mshona bendera wa chama alijipenyeza mpaka mbele. Chama cha mtaa, kura mia nne na kumi na mbili. Wapinzani, mbili.

Mbili? Yeye aliijua moja tu, ile aliyoipiga mwenyewe. Na mtaani pale msaliti hauziwi hata chumvi.

"Hao ni mke na mume!" muuza mkaa akapaza sauti. "Ugonjwa huo huambukizana kitandani!"

Watu wakaangua kicheko. Mshona bendera naye akacheka nao, asije akashukiwa, huku akimtafuta mumewe kwa macho. Mumewe ndiye mwenyekiti wa tawi, na kwa kuwakejeli wapinzani hakuwa na mfano.

Leo hakucheka. Alikuwa ameinamia kifungo cha shati lake, akikizungusha, akikizungusha, mpaka uzi ukalegea.

Mkewe akamsogelea. "Baba watoto, kiache hicho kifungo, kitakatika."

Mwenyekiti akainua macho, akamtazama. "Na wewe, mama watoto," akanong'ona, "mbona jasho linakutoka?"